Injini Kuukuu ya Gari Dogo: Lipia Kipimo Kabla ya Kulipia Spea

Gari dogo la petroli, silinda nne, injini ya lita 1.3 hadi 1.8, likishatembea kilomita 150,000 huanza kudai. Moja linachemsha kwenye foleni, jingine linapunguza oili bila kuacha tone chini, la tatu linamisi (moto unakosekana kwenye silinda mojawapo) likipanda mlima. Magonjwa yenyewe si mengi na yanajulikana, na karibu kila ugonjwa una kipimo kisichozidi saa moja au mbili. Pesa hupotea pale kipimo kinaporukwa. Zinabadilishwa plagi, gari bado linamisi. Zinabadilishwa koili, bado. Nozeli (vipulizia petroli) zinaoshwa, sensa inanunuliwa, na mwisho inagundulika kwamba vali moja ya ekzosi imeungua na kwamba hakuna hata spea moja kati ya hizo iliyohitajika.

Bei za spea hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo hapa gharama zimehesabiwa kwa saa za fundi na kwa vitu vinavyolazimika kubadilishwa kwa pamoja. Ukitaka kujua tengenezo litauma kiasi gani, usiangalie ukubwa wa spea. Angalia imekaa wapi. Gasketi ya kifuniko cha vali na sili ya nyuma ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) zote ni mpira tu. Ya kwanza hubadilishwa kwa saa moja hivi, kwa sababu iko juu kabisa. Ya pili iko nyuma ya gia boksi, na gia boksi lazima ishushwe: saa tano hadi nane za kazi kwa kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Ndiyo maana mwenye gari la gia za mkono akifika hapo abadilishe na klachi papo hapo, hata kama bado ilikuwa na maisha kidogo. Kulipia kushusha gia boksi mara mbili ndani ya mwaka mmoja ni hasara isiyo na sababu.

Kuchemsha

Tuanze na joto, kwa sababu hakuna kinachoua injini nyingi za alumini kama joto, na hakuna kinachoanza na kitu kidogo kama hicho. Injini hizi hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 85 na 100 za Selsiasi. Mchanganyiko wa nusu kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na nusu maji yaliyochujwa, ukiwa chini ya kifuniko kinachoshikilia presha ya takriban bar 1, hauchemki mpaka ukaribie nyuzi 130. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo yote inaondoka. Mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka au umekakamaa, kibadilishe bila kubishana. Ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika mfumo wa kupoza.

Jambo la kwanza la kuuliza ni lini gari linachemsha. Likichemsha limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa likishika kasi, tatizo liko kwenye feni: mota, relei, fyuzi, au sensa inayoiwasha. Washa kiyoyozi, kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke hapohapo. Likichemsha kwenye kasi kubwa au mlimani lakini foleni likaivumilia, upepo upo na kinachokosekana ni mtiririko: rejeta imeziba ndani, matundu yake yamejaa vumbi na wadudu kwa nje, au pampu ya maji imechoka. Mshale ukipanda ghafla huku hita ikitoa upepo wa baridi, maji yamepungua au hayazunguki kabisa. Hapo simamisha gari mara moja.

Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, unaweza kuipima jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kuigusisha chini, kisha pasha moto polepole. Themostati iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka karibu na nyuzi hizo: utaona ufa mwembamba kwenye ukingo wa sahani yake, na kufikia nyuzi 95 hivi sahani inakuwa imeinuka milimita 8 au zaidi. Ikibaki imefumba, umepata mwizi. Ikiwa imeshafunguka kabla ya maji kupata moto, hiyo nayo ni mbovu, na kompyuta ya gari huenda imeshaandika kodi (namba ya hitilafu) P0128.

Hapa kuna tabia inayoumiza magari mengi: fundi anang'oa themostati na kuitupa "ili maji yapite vizuri". Injini inayoendeshwa baridi muda wote inaongezewa petroli na kompyuta, oili yake haipati moto wa kukausha unyevu, na kuta za silinda zinalika haraka. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linalochemsha linaendelea kuchemsha. Kazi ya kufunga themostati mpya ni kama saa moja pamoja na kutoa hewa.

Kutoa hewa nako kusifanywe kwa haraka. Gari liinuke kidogo mbele, hita iwe kwenye moto wa mwisho, kifuniko kiwe wazi huku injini ikiwa ya baridi, kisha iwashwe na kuachwa kwenye sailensa, yaani iunguruma bila kukanyagwa moto. Minya hozi ya juu ya rejeta mara kwa mara, ongeza maji yakishuka, usiondoke mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na hita itoe moto kweli. Povu la hewa lililobaki kwenye silinda hedi linatosha kuifanya injini ichemke huku rejeta ikiwa imejaa.

Maji ya bomba pekee hayafai. Yana chokaa inayoganda kwenye mirija ya rejeta, hayazuii kutu, na yanakula alumini pamoja na panga za pampu. Kulanti hubadilishwa kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na aina mbili zisichanganywe kwa kufuata rangi. Rangi ni ya mtengenezaji, kinachotofautisha ni dawa iliyomo ndani.

Gari likichemsha njiani, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, egesha, zima injini. Usifungue kifuniko kwa angalau nusu saa, na usimwage maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado ya moto. Silinda hedi ya alumini ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka, na kutoka hapo hesabu inakuwa nyingine.

Gasketi ya silinda hedi

Gasketi hii inatenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, maji na oili. Ikiungua, dalili hutegemea ni ukuta upi uliovunjika. Maji yanapungua bila kuvuja mahali. Hozi ya juu inakakamaa dakika mbili tatu baada ya kuwasha injini ya baridi, kabla joto halijatosha kutengeneza presha. Mapovu yanatoka kwenye tanki la akiba bila kukoma. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unatoka ekzosi hata injini ikiwa imepata moto. Oili inageuka rangi ya maziwa kwenye kijiti.

Lakini povu jeupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, peke yake, halitoshi kuhukumu. Gari linaloendeshwa safari fupi kila siku hukusanya unyevu pale juu. Futa, endesha safari ya nusu saa, angalia tena. Kipimo cha kweli ni kile cha kimiminika cha bluu: chupa yake inawekwa mdomoni mwa rejeta, hewa inavutwa kupitia humo injini ikiwa inaunguruma, na bluu ikigeuka manjano ujue gesi ya moto inaingia kwenye maji. Dakika 15 tu. Hakuna sababu ya kufungua hedi kabla ya kufanya hivyo.

Kazi yenyewe ni saa 8 hadi 12 kwa injini ya silinda nne, ukiacha siku ambazo hedi itakuwa kwa mchongaji. Hedi ikishatoka, isafishwe uso, iwekwe rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa pembe mbili za mshazari, halafu pengo lipimwe kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia pengo). Injini nyingi za aina hii haziruhusu zaidi ya milimita 0.05, hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi, na jicho haliwezi kuiona. Hedi iliyozidi hapo inachongwa, na ikiwa injini ilichemka vibaya ipimwe pia kwa presha ili kuona kama ina ufa. Hedi ikiwa nje, badilisha sili za vali. Ni vipira vidogo, na kuvifikia baadaye ni kazi ya siku nyingine.

Makosa mawili huharibu tengenezo hili. La kwanza ni kusugua uso wa bloku kwa diski ya msasa: chembe zake zinadondoka kwenye njia za oili na kumaliza beringi za kranki ndani ya muda mfupi. Tumia kikwaruzo cha plastiki na dawa ya kuyeyushia gasketi. La pili ni bolti. Injini nyingi zina bolti za hedi zinazovutika zikikazwa, na mtengenezaji ameagiza zibadilishwe au zipimwe urefu. Zinakazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na hatua ya mwisho mara nyingi ni kuzungusha nyuzi 90 badala ya kufuata namba ya toki. Fundi anayekaza hedi kwa mkono na uzoefu anakuuzia gasketi ya miezi mitatu.

Kwa hiyo kwenye hesabu weka: seti ya gasketi, bolti, kuchonga, oili na filta, kulanti, themostati mpya. Dawa za kuziba zinazomwagwa kwenye rejeta usiziweke kwenye hesabu. Zinaziba mirija myembamba ya hita na ya rejeta kabla ya kuziba gasketi, na zikishindwa utalipia vyote vitatu.

Kula oili

Kabla ya kusema gari linakula oili, pima. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, kisha kila baada ya kilomita 500 egesha mahali pa sawa, zima injini, subiri dakika kumi, chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena usome. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu kwenye magari mengi haupiti lita 1. Watengenezaji wengi huhesabu lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ndiyo mpaka wa kuvumilia, ingawa injini nzima haifiki hata robo yake.

Tafuta kwanza kuvuja. Osha injini kwa dawa ya kukata grisi, endesha kilomita 50 hivi, kisha angalia kuanzia juu kushuka chini, kwa sababu oili hushuka na kurudi nyuma kwa upepo: inayodondoka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) huenda imeanzia kwenye kifuniko cha vali. Angalia na visima vya plagi; oili ikiwa imejaa humo, gasketi ya kifuniko imekwisha, na mpira wa koili ulioloa oili utaleta misi muda si mrefu.

Halafu vali ya PCV. Kazi yake ni kuvuta gesi zinazopenya pembeni mwa pistoni na kuzirudisha kwenye njia ya hewa zichomwe. Ikiziba, presha inajengeka ndani ya injini na kusukuma oili kupitia kila sili. Ichomoe uitikise: aina nyingi zikiwa nzima utasikia kitu kikigonga ndani. Ni dakika 20 za kazi, na wapo watu waliolipia kubadilisha sili za injini nzima kwa sababu ya kitu hiki kidogo.

Oili ikiwa haivuji, inaungua, na moshi wa bluu unaeleza inakopitia. Ukitoka asubuhi kwa sekunde chache kisha ukakoma, sili za vali zimekakamaa na oili ilidondoka usiku kucha juu ya pistoni. Ukitoka unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga moto, tazama sili hizohizo na gaidi za vali (mirija inayoongoza vali). Ukitoka kila unapovuta kwa nguvu, ni ringi.

Kwenye ringi watu wengi hudanganyika. Pistoni ina ringi tatu: mbili za juu zinazuia kompresheni, ya tatu inakwangua oili ukutani na kuirudisha chini kupitia matundu madogo nyuma yake. Matundu hayo yakiziba kwa kaboni, ringi ya tatu inaganda kwenye mfereji wake na oili inabaki ukutani iungue, huku zile mbili za juu zikiendelea na kazi yao. Ndiyo maana injini inayokunywa lita nzima inaweza kupimwa kompresheni na kuonekana haina kasoro. Mfano unaojulikana ni injini ya 1ZZ-FE ya Toyota, lita 1.8, iliyoingia kwenye Corolla mwishoni mwa miaka ya 1990: pistoni za matoleo ya mwanzo zilikuwa na njia ndogo za kurudishia oili, na mtengenezaji akaja kubadilisha muundo wake. Injini za namna hiyo huadhibiwa vikali zaidi na mwenye kuchelewesha kumwaga oili.

Kuna njia ya kati kabla ya kufungua: kumwaga dawa ya kuyeyusha kaboni kupitia matundu ya plagi na kuiacha ilale usiku mzima. Wakati mwingine inasaidia. Ila kabla ya kupiga stata, plagi zote ziwe nje na matambara yafunike matundu, kwani kimiminika hakikandamiziki na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inaweza kupinda. Baada ya hapo mwaga oili na ubadilishe filta.

Sasa hesabu. Gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kula lita 1 kila kilomita 1,500 litataka lita 10 za kuongezea kwa mwaka mzima. Kubadilisha ringi ni saa 15 hadi 25 za kazi, pamoja na seti nzima ya gasketi, beringi na pengine kuchonga silinda. Kwa magari mengi ya umri huu, kuongeza oili na kuangalia kijiti kila wiki ndiyo njia ya haki, mradi ijulikane kwamba oili inayoungua inaharibu masega ya ekzosi (kisafisha moshi) taratibu. Kupanda daraja moja la uzito kunaweza kupunguza unywaji iwapo kitabu cha gari kinakuruhusu. Kumwaga 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 ni jambo jingine kabisa: asubuhi inachelewa kufika juu, na vali za VVT (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) zinazotegemea oili nyepesi zinachanganyikiwa.

Misi

Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana tundu la OBD la kusomea kodi. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi. P0300 inasema misi inahamahama. Kodi inataja silinda tu. Spea haijatajwa, na usiikubali risiti inayodai imetajwa.

Kipimo kisicho na gharama ni kuhamisha. Ikiwa ni P0302, chukua koili ya silinda ya 2 uiweke ya 3, ya 3 uilete ya 2, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu na umemaliza. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikibaki tena, angalia nozeli, kisha kompresheni.

Plagi zikishatoka, zipange kwa mpangilio wa silinda uzisome. Kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanamaanisha petroli imezidi. Weusi wa kung'aa wenye unyevu ni oili. Weupe wenye vilengelenge ni joto kupita kiasi. Na moja ikiwa safi ajabu, kama imeoshwa kwa mvuke, huku wenzake wamechafuka, rudi kwenye gasketi ya hedi: silinda hiyo inakunywa maji. Plagi za kawaida za nikeli hutumika kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu zinafika 100,000, na ncha ya iridiamu isichokonolewe kwa kupima pengo kwa nguvu. Zifunge injini ikiwa baridi, kwa vidole kwanza mpaka zikae, ndipo spana. Uzi ulioharibika kwenye hedi ya alumini ni gharama kuliko plagi zote nne.

Kompresheni hupimwa hivi: plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, koili zimechomolewa, mguu umekanyaga moto hadi mwisho, stata ipigwe mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Injini nzima ya aina hii kwa kawaida hutoa bar 12 hadi 14, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 1 au zaidi kidogo. Iliyo chini idondoshee kijiko kimoja kidogo cha oili, kama mililita 5, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi. Isipobadilika, vali. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Saa moja, geji moja, na umejua kama unanunua koili au unafungua injini.

Taa ya injini ikiwaka tu, una muda. Ikiwaka na kuzimika mfululizo, huna: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuungulia humo mpaka yanayeyuka. Masega mapya yanaweza kuzidi gharama ya tengenezo lolote la misi lililotajwa hapa.

Mkanda na cheni ya taimingi

Mkanda wa mpira, unaounganisha kranki na kamshafti inayofungua vali, hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, chochote kitakachotangulia, kwa kawaida kati ya kilomita 60,000 na 100,000, au miaka mitano hadi saba. Gari lililoegeshwa miaka minane likiwa na kilomita chache lina mkanda wa miaka minane. Kwenye injini kama 4A-FE ya Toyota, mkanda ukikatika gari linazima tu, pistoni haizifikii vali. Kwenye injini za D16 za Honda zinakutana, vali zinapinda, na kazi ya saa tatu hadi tano inakuwa kazi ya kufungua hedi. Ujue yako iko kundi gani kabla ya kuahirisha.

Nunua seti: mkanda, tensha (kikazio chake), pulei, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huo. Sili za kamshafti na ya mbele ya kranki zikiwa na unyevu, zibadilishwe wakati huo. Baada ya kufunga, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa spana, katika mwelekeo ambao injini huzungukia, na alama zote zirudi mahali pake. Kwa D16 mwelekeo huo ni kinyume cha saa, tofauti na injini nyingi, na fundi asiyejua anaweza kuruka jino akidhani anahakiki.

Cheni haina tarehe, lakini ina masikio. Mlio wa minyororo kwa sekunde mbili tatu asubuhi, kisha ukanyamaza oili ikifika kwenye tensha, ndiyo onyo. Kodi P0016 ikija baada yake, kranki na kamshafti hazikubaliani tena. Safisha kwanza vali ya oili ya VVT na chujio lake, kwa sababu tope la oili linaleta kodi hiyohiyo. Cheni yenyewe ni saa 6 hadi 10.

Mambo madogo

Sailensa inayopanda na kushuka huanza kutazamwa kwenye throto bodi (mlango wa hewa wa injini) yenye masizi na kwenye hozi za vakyumu zilizopasuka. Kwenye mashine ya kusomea kodi soma marekebisho ya petroli (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza): yakiwa zaidi ya asilimia 15 juu kwenye sailensa lakini yakarudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hewa inaingia kusikotakiwa. Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, angalia presha ya petroli na usafi wa sensa ya hewa.

Mtetemo gari la otomatiki likiwa kwenye D huku umekanyaga breki, unaopungua sana ukiweka N, mara nyingi ni mauntingi (mipira inayobeba injini). Usifungue injini kwa ajili yake.

Kugonga

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini inaunguruma, zima hapo ulipo, hata kama nyumbani ni karibu. Ukiongeza oili na taa ikabaki, chomeka geji halisi mahali pa swichi ya oili kabla ya kuamini lolote. Kwenye sailensa injini ya moto isishuke chini ya kile kitabu kinachotaka, ambacho mara nyingi ni karibu bar 0.5, na kwenye mizunguko 3,000 iwe bar 2.5 au zaidi. Swichi mbovu ni kitu kidogo. Geji ikithibitisha presha ndogo, shusha sampu uangalie chujio la pampu na chembe za chuma.

Mlio mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga ni beringi ya konrodi. Chomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine injini ikiwa imezimwa, washa kwa sekunde chache tu, usikilize: mlio ukififia silinda fulani ikikatwa, umepata konrodi yenyewe. Gari lisiendeshwe tena, hata kwenda gereji.

Hapo ndipo swali la ovahoo (kuifungua injini yote na kuitengeneza upya) au injini ya mtumba linapokuja. Kuitoa na kuifunga nyingine ni saa 10 hadi 15. Ovahoo ya kweli inapita hapo, kwa sababu kuna kuchonga kranki, silinda na hedi, na ni ya haki pale bloku ikiwa nzima na spea orijino zikipatikana. Injini ya mtumba isinunuliwe kwa kuangaliwa nje. Vua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani: alumini ya kahawia hafifu ni sawa, tope jeusi la kukwanguka ni la kuachwa. Toa plagi usome. Pima kompresheni kwa kupiga stata hata ikiwa sakafuni. Linganisha namba ya injini, soketi za waya na sensa ya kranki na ya zamani, maana toleo la mwaka mwingine linaweza kukaa kwenye mauntingi vizuri na kukataa kuongea na kompyuta. Na ikiwa bado iko nje, kabla haijarudi chini ya boneti, ibadilishwe sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji, themostati na mkanda kama inao. Saa za kuvifikia vyote vinne umeshazilipia.